Kengele ya Joseph

Usharika ule ulikuwa mkongwe kuliko barabara inayoufikia. Mawe yake yalibebwa kichwani kutoka korongoni na babu na bibi za hao wanaosali humo leo, na kengele yake ya shaba, asubuhi isiyo na ukungu, ilisikika hadi ng'ambo ya bonde. Watu wa upande huu wa Nambis, wilayani Mbulu, waliipenda kengele hiyo kuliko walivyopenda kuiitikia. Jumapili mabenchi ya nyuma yalikaliwa na vumbi. Vijana walikuwa wameshuka kwenye kanisa jipya la mabati lililo njia ya Bashay, lenye spika kubwa kuliko madhabahu. Wazee walikuwa wanakufa, kama ilivyo kazi ya wazee, na waliobaki katikati walikuja, wakasinzia, wakatoa sadaka, wakarudi kwenye mashamba yao ya ngano.

Hapo ndipo alipoletwa Mchungaji Eliakimu, kijana wa Same, mwenye sauti laini na viatu ambavyo tope la Mbulu liliviheshimu kwa wiki moja tu. Wachungaji waliomtangulia walikuwa wanagombeza watu waliokuja kwa sababu ya wale ambao hawakuja. Huyu hakugombeza. Alisimama akasema usharika ni wa washarika, na wao ndio watakaosema unatakiwa kuwaje, kisha yatakayosemwa yatafanywa mpango wa miaka mitano. Watu walitazamana. Tangu lini mchungaji akaomba kuambiwa?

Aliomba kweli. Alizunguka jumuiya zote na makaratasi yake makubwa na kalamu zake nene za rangi, akayabandika kwenye kuta za udongo, akaandika kila kilichosemwa bila kukunja uso. Vijana walitaka kinanda. Bibi mmoja alitaka nyimbo za Kiiraqw zirudi ibada ya kwanza, kwa sababu, alisema, Mungu alianza kumsikia kwa Kiiraqw na hataki kumsumbua ajifunze lugha nyingine. Baba mmoja alitaka mahubiri yawe mafupi. Mwingine akataka choo cha kanisa kiwekewe mlango, na hilo lilipigiwa makofi kuliko yote. Watu walicheka, wakanywa chai, wakaenda nyumbani wakiwa wamenyooka mgongo. Ni kitu kitamu kuulizwa, hasa kwa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akiambiwa.

Lakini mchungaji hakuridhika. Siku moja baada ya kikao alimwita Judith pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba mchungaji."

"Mama, watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nataka la asiyekuwepo. Hao waliokaa nje ya kanisa miaka na miaka, kila mmoja ana sababu yake. Nikienda mimi wananiletea kiti, wananiletea chai, wananiambia kila kitu ni kizuri. Nenda wewe. Kaa nao jikoni, ongea nao Kiiraqw."

Judith alikuwa mzee wa kanisa, mjane, mama wa watoto waliokwisha kujenga kwao, na mwanamke asiyemung'unya maneno. Ujana wake aliumalizia Babati alikoolewa, na alipofiwa na mume akarudi kwenye shamba la baba yake. Aliyapenda maneno yale ya mchungaji. Kwa miaka mingi alikuwa amekaa kwenye vikao vya wazee wa kanisa akisikia habari za bati, rangi na matengenezo ya uzio, na moyoni akijiuliza watu wenyewe watatengenezwa lini.

"Nitaenda," alisema. "Ila jambo la jikoni, baba. Nikilileta kwako, lisirudi kumtafuta mwenyewe."

Mchungaji alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Naahidi mbele za Mungu, mama. Halitamrudia."

Judith akaamini. Kwa nini asiamini? Mtu akikushika mikono miwili na kumtaja Mungu, unataka akupe nini tena?

Wa kwanza aliyemfikiria alikuwa Odilia. Odilia Sulle aliishi ng'ambo ya kijito, peke yake, na kondoo wachache na kishamba cha maharage ambacho hakuna aliyewahi kukuta gugu ndani yake. Kutoka mlangoni kwake unaliona paa la kanisa. Yeye alikuwa analiona kila siku, na hakuwa ameingia ndani yake tangu mwaka wa mvua za elinino.

"Mama Joseph, hodi!" Judith aliita kutoka kwenye uzio.

Mtu mwingine yeyote angeita "Odilia," kama anavyoitwa msichana. Joseph alikuwa mtoto wake wa kwanza, na wa mwisho. Alifariki akiwa bado ananyonya, na alipofariki watu walimnyang'anya mama yake lile jina, kimyakimya, bila kikao. Judith aliporudi kutoka Babati akalirudisha kinywani mwake, na kwa sababu hiyo tu wakawa marafiki.

"Karibu, dada. Pita."

Aliposikia kilichomleta, Odilia alicheka kidogo. "Maoni yangu? Mmekosa nini huko hata mnitafute mimi?"

Judith hakumlazimisha. Alivuta kigoda, akasaidia kupukuchua maharage, wakaongea habari za kondoo na za mvua. Alirudi tena siku nyingine, na nyingine. Siku moja mvua ikawafungia ndani, moto ukawa mzuri, na Odilia akaanza mwenyewe, akitazama moto.

"Unajua walinifanyaje?"

Judith alikuwa amesikia vipande tu. Wairaqw wa zamani waliamini kwamba mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya anatembea na kile kifo, na kwamba kinaweza kurukia nyumba nyingine. Hali hiyo wakaiita metimani. Mama anatengwa: hapeani mkono na mtu, njia yake ya maji peke yake, chombo chake cha kunywea peke yake, mpaka wazee waseme basi. Kanisa lilikuwa limeikataza mila hiyo kabla hata Odilia hajazaliwa. Ilikatazwa kwenye mimbari. Kwenye mabenchi iliendelea kukaa.

"Nilikuja kanisani nikijua pale hakuna metimani," Odilia alisema. "Si ndivyo tulivyofundishwa? Nikaketi. Benchi lote likahamia mbele. Baada ya ibada akina mama wanakunywa chai jikoni pale kanisani, mimi nikapewa kikombe changu, kikatundikwa nje kwenye msumari. Kila Jumapili nakikuta palepale, hata kama mvua imekinyeshea." Akanyoosha kidole kwenye mlango uliokuwa wazi. Kwenye nguzo ya uzio kilining'inia kikombe cha bati cha bluu, kimebanduka rangi. "Ndicho hicho. Siku niliyoacha kwenda nilikichukua. Sijawahi kukinywea tena, na kukitupa nimeshindwa."

"Na mazishi?"

"Kengele haikupigwa." Sauti yake haikubadilika, ila mikono iliacha kupukuchua. "Ikipigwa ya msiba, ile ya taratibu, kila mtu anajua anatakiwa kuja. Mzee Nicodemo ndiye alikuwa anashika ufunguo wa mnara. Wiki moja kabla alikuwa amesimama kwenye zamu yake akahubiri kwamba mila za giza tuziache. Nikaenda kumwomba. Akasimama mbali, dada, mbali kama pale kwenye mti, akaniambia, 'Nikiipiga watu watakimbia kanisa.' Tukamzika Joseph mimi na mume wangu na mbwa. Mume wangu akahamia Balangdalalu na ng'ombe wake, akaoa huko. Simlaumu."

Judith alilia. Odilia hakulia, alisubiri mwenzake amalize.

"Sasa mchungaji wako anataka maoni," alisema. "Langu ni moja. Ile kengele ipigwe. Ipigwe jioni moja, siku ya kazi, watu wako mashambani. Wakiuliza amekufa nani, waambiwe hakuna. Mimi nitakuwa nimekaa hapa mlangoni nasikiliza. Basi."

"Na kuombwa radhi?"

"Hapana!" Hapo ndipo Odilia alipomtazama usoni. "Hilo hapana kabisa. Wakiniomba radhi itabidi niwajibu, na jibu sina. Unanisikia, dada? Nataka kengele. Watu sitaki."

"Nimekusikia."

"Hawatajua?"

"Hawatajua. Au mimi siyo Judith."

Mchungaji Eliakimu alilipokea neno hilo ofisini kwake, na tuseme ukweli, machozi yalimtoka. Kisha akasema, "Mama, hapa ndipo usharika wetu unapoumwa. Hapa penyewe. Wengine wote waliniambia habari za kinanda."

"Basi kengele ipigwe."

"Itapigwa. Niachie nipange."

"Kupanga nini, baba? Ni kamba. Inavutwa."

Mchungaji alitabasamu. Laiti Judith angelitazama vizuri tabasamu lile. Kuna watu ambao ukiwapa kitu kidogo kizuri hawawezi kukiacha kiwe kidogo. Siyo wabaya. Ni wapangaji.

Wiki zikaenda. Kila Judith alipouliza, aliambiwa bado kidogo, mama. Mpango ukakamilika, ukachapwa, ukawekewa jalada lenye picha ya kanisa. Ikatangazwa Jumapili ya uzinduzi, wageni kutoka jimboni, ng'ombe wa kuchinja, kwaya za mitaa yote. Jumatano kabla ya siku hiyo mchungaji akamfuata Judith shambani kwake, tope hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Mama, yule mama yako wa ng'ambo. Asikae nyumbani peke yake siku ya furaha. Mlete. Akae tu kama washarika wengine."

"Na kengele yake?"

"Kengele ipo, mama. Haipiti wiki moja. Niamini."

Judith akahesabu kichwani: Jumapili aje asali, kisha jioni moja katikati ya wiki kengele ilie. Aliona ni vizuri. Aliona hata ni bora kuliko walivyoomba. Akavuka kijito akiwa na furaha ya kijinga, ile ambayo baadaye ukiikumbuka unataka kujificha.

Odilia alikataa mara nyingi. Mwishoni akauliza, "Nitakaa wapi?"

"Utakaa na mimi. Bega kwa bega."

Jumapili alfajiri Odilia alifungua sanduku, akatoa kitenge kilichokuwa kinanuka majani ya mkaratusi, akakifunga, akakifungua, akakifunga tena. Walivuka pamoja. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Walipata nafasi benchi la karibu na nyuma, na Judith akamshika mkono, na mama aliyekaa upande wa pili hakusogea. Hakusogea! Judith aliona jinsi Odilia alivyoliona hilo. Kwaya ilipoanza wimbo wa zamani wa Kiiraqw, Odilia alifungua kinywa akaimba ubeti mzima bila kukosea, sauti nyembamba, ya mtu ambaye hajaitumia muda mrefu. Judith alimshukuru Mungu kwa moyo wote. Angejua, shukrani hiyo angeiweka akiba.

Mchungaji akapanda. Alisema mpango wowote wa kuhuisha usharika ni karatasi tu kama mioyo haijahuishwa kwanza. Wageni wa jimbo wakatikisa vichwa kukubali. Kisha akasema:

"Katika kuwasikiliza, nimeletewa neno moja. Jina la mama huyu sitalitaja. Ni mama wa usharika huu. Mwaka wa mvua za elinino alifiwa na mtoto wake wa kunyonya."

Hakuhitaji kuendelea. Kanisa zima liligeuka. Lile benchi la mbele, lile la waliowahi kumhama, liligeuka lote kwa pamoja, na sura zilizokuwa hazijamtazama Odilia tangu ujana wake sasa zilimtazama bila haya. Mchungaji aliendelea, kwa sauti yake laini, akasema habari za kikombe. Akasema habari za msumari. Akasema habari za baba na mama waliozika peke yao na mbwa. Hata mbwa hakusahau kumtaja.

Judith alihisi mkono wa Odilia ukitoka katika mkono wake. Haukuchomolewa kwa hasira. Ulitoka polepole, kama mtu anavyoutoa kwa mtoto aliyelala ili asimwamshe.

"Mama Joseph," alisema mtu mbele.

Alikuwa Mzee Nicodemo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, amesimama katikati ya njia na suti yake nyeusi, machozi yanamtiririka. Jina lile, alilokuwa wa kwanza kuliacha, sasa aliliita mbele ya watu wote na wageni wa jimbo. "Mama Joseph, mimi ndiye niliyekunyima kengele. Nisamehe." Akainama, mikono magotini, kichwa chini.

Huku kwetu mzee akikuinamia mbele za watu, hakuna nafasi ya kusema subiri nifikirie. Ukimwacha ameinama, laana inahama kwake inakuja kwako, na hakuna mtu atakayekuhurumia. Hilo mchungaji wa Same huenda hakulijua. Nicodemo alilijua vizuri kabisa.

Odilia alisimama.

"Inuka, mzee," Odilia alisema. "Nimesamehe."

Vigelegele vililipuka. Simu ziliinuliwa juu. Mchungaji akapunga mkono kuelekea mlangoni, na kule mnarani kijana aliyekuwa anasubiri ishara akavuta kamba. Kengele ikalia. Ikalia kweli, ile ya msiba, ile ya taratibu, lakini kwaya ilikuwa imeshashika wimbo, ngoma zinapigwa, akina mama wanakumbatiana, wageni wanapiga makofi, na Judith alijitahidi kuisikia akashindwa. Alimtazama Odilia. Odilia alikuwa ameinamisha sikio upande wa mnara, amekunja uso kama mtu anayeitwa kwa mbali na hana hakika kama ni yeye. Naye hakuisikia.

Wakati wa sadaka alitoka kwa mlango wa pembeni. Judith alitaka kumfuata, lakini akina mama walikuwa wamemzunguka wanambusu, wanamwambia kazi aliyoifanya ni kubwa. Kumbe wote walijua nani aliyekwenda jikoni kwa Odilia. Nani mwingine angekwenda?

Alimkuta mchungaji nyuma ya ofisi, anafuta jasho, uso unang'aa.

"Mama! Umeona Mungu alivyotenda?"

"Uliniahidi."

"Na nimetimiza, mama. Sikutaja jina. Na kengele imepigwa."

"Jina?" Judith alisikia sauti yake ikipanda na hakuishusha. "Baba, huku hatujuani kwa majina. Tunajuana kwa misiba. Ungetaja jina ukaacha msiba ingekuwa afadhali! Mama wa watu aliomba kengele jioni moja, watu hawapo. Akasema asiombwe radhi. Nilikuambia kwa kinywa changu. Nilikuambia!"

Mchungaji alitazama chini. Hakuwa amesahau, hilo Judith aliliona. Alikuwa ameamua.

"Mama, nisikilize. Kengele ya siri ingemponya mtu mmoja. Hii ya leo imeponya usharika. Mzee Nicodemo nilipomweleza alilia siku nzima, na yeye ndiye aliyesema atasimama. Tulimwomba Mungu pamoja, tukaona iwe leo." Akasita kidogo. "Wageni wameguswa sana. Wanauliza kama mama anaweza kuja kutoa ushuhuda kwenye sharika nyingine."

Basi kumbe Nicodemo alikuwa amejua. Mtu ambaye Odilia hakutaka kabisa ajue ndiye aliyeambiwa wa kwanza. Waliketi wawili, wakapanga nani asimame wapi na kamba ivutwe saa ngapi, na aliyetumwa kumleta Odilia kwa mkono mpaka kwenye benchi lake alikuwa Judith. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Yeye nguo hiyo alikuwa ameivaa kwa furaha, akaipiga na pasi.

Akaondoka bila kuaga. Mlangoni mwa kanisa alisimama Mzee Nicodemo, anapokea mikono ya watu, mwepesi kama aliyetoka kuoga. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Judith alimpita mzee bila shikamoo.

"Judith," mzee alimwita, taratibu. "Usinikasirikie, binti yangu. Nimeubeba mzigo ule miaka yote. Leo nimeutua."

Judith akageuka. "Umeutua juu yake, mzee."

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa tena. Hili lazima lisemwe, maana ni kweli: mpango ulifanya kazi. Waliokuwa wameshuka njia ya Bashay walianza kupanda. Nyimbo za Kiiraqw zilirudi ibada ya kwanza, kinanda kikapatikana kwa ibada ya pili, na choo kikawekewa mlango mzuri wenye komeo. Washarika wa jirani walikuja kujifunza, na mchungaji aliwaelezea kwa unyenyekevu namna ya kusikiliza watu. Judith alikaa benchi lile la karibu na nyuma. Watu walijaa kila mahali, wakabanana, wengine wakasimama, ila pembeni yake, pale alipoketi Odilia, hakuna aliyeketi. Waliacha nafasi kwa heshima. Safari hii ilikuwa heshima, lakini nafasi ni ileile.

Mwishowe akavuka kijito. Alikuwa ameogopa kuvuka. Alibeba sukari na majani ya chai, na njiani aliyapanga maneno, akayapangua.

"Mama Joseph, hodi!"

Kondoo walikuwepo, moshi ulikuwepo.

"Mama Joseph, ni mimi."

Odilia alitoka mlangoni. Alikuwa amekonda kidogo, au labda ni namna alivyosimama. "Karibu, mzee wa kanisa," alisema.

Judith alitamani angemtukana. Akaingia ndani, akavuta kigoda, akaanza kusema yote: kwamba hakujua, kwamba na yeye alidanganywa, kwamba mchungaji alimwahidi mbele za Mungu, kwamba usiku halali.

"Najua hukujua," Odilia alisema. "Ungejua usingenileta. Wewe si mtu wa hivyo."

"Basi nisamehe, dada."

Mara tu neno lilipomtoka, Judith akatamani kulirudisha. Odilia alimtazama. Wala hakukuwa na hasira machoni mwake, kulikuwa na uchovu tu.

"Na wewe pia unaniomba," alisema.

Akainuka, akaenda jikoni, akasikika akipuliza moto. Aliporudi na birika hakuingia moja kwa moja. Alipita uani mpaka kwenye nguzo ya uzio, akakitungua kile kikombe cha bluu. Akamwaga maji ya mvua yaliyokuwemo, akakifuta ndani na pindo la kitenge, vizuri, bila haraka. Akakijaza chai ya maziwa mpaka ukingoni, akampa Judith kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

"Kunywa, kabla haijapoa."

Judith alikunywa. Ilikuwa tamu, na bati lilimchoma midomo. Alikunywa yote, na alipomaliza alinyoosha mkono kumrudishia mwenyewe.

Odilia hakukipokea. Alikuwa ameshainama kwenye maharage yake.

"Ukitoka," alisema, "kitundike palepale."